Regina, Jokofu Lisilo na Mlango

Jumatatu, 11 Novemba

Siku kubwa. Sijapata nyingine mfano wake tangu nianze kuuza majokofu ya madukani, na hapa Casale Monferrato hatuna kazi nyingine ya maana. Mji mzima unaishi kwa baridi. Tunaitengeneza, tunaipakia kwenye malori, tunaiuzia dunia.

Asubuhi Bi Ottavia, mwenye kiwanda, alituita ofisini mimi na shemeji yangu Delfino, mume wa dada yangu Palmira. Akavaa miwani, akatusomea ripoti ya mwelekeo wa soko la dunia. Nywele zilinisimama. Asia inajenga miji mipya, na kila mji unataka maziwa baridi. Afrika wanafungua maduka makubwa kila kukicha. Watu mabilioni, kila mmoja na kiu yake, na kila kiu inahitaji kabati la kuwekea soda! Miaka yote nimekuwa nikiwauzia wenye bucha wa Asti na Alessandria, kumbe nyuma yao dunia nzima imepanga foleni na vikapu mkononi. Machozi yalinilengalenga. Delfino akaniuliza kama nina mafua.

Bi Ottavia akaendelea. Ulaya inapiga marufuku gesi za zamani, watengenezaji wanahamia gesi ya kaboni, ileile tunayoitoa puani. Umeme umekuwa ghali, kwa hiyo makabati ya wazi yanaondoka madukani na ya milango yanaingia. Hapo akanitazama kwa juu ya miwani.

Alinitazama kwa sababu kabati la wazi ni langu. Anaitwa Regina. Nilimchora mimi mwenyewe nikiwa kijana, kwenye karatasi ya kufunikia meza ya mgahawa, na mchoro ule una doa la divai mpaka leo. Regina hana mlango. Ana pazia la hewa. Feni inapuliza baridi kutoka juu, baridi inashuka kwa mbele, inafyonzwa na matundu ya chini, inapita nyuma na kurudi juu. Unanyoosha mkono, unachukua siagi yako, unakwenda zako. Umepita mlango ambao haupo! Nimemtazama mara elfu na bado napigwa na butwaa.

Delfino naye ana kabati la milango ya vioo. Amelipatia jina la Palmira. Mtu anayeita jokofu jina la mke wake, tena mke mwenyewe akafurahi, mimi sijui niwaweke wapi wote wawili.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa anakuja mnunuzi kutoka Norwe, Bi Ragnfrid Tveit, mwenye maduka kaskazini kote. Ataona makabati yote mawili yamesimama bega kwa bega. Atakalolichagua litaendelea kutengenezwa. Jingine halitatengenezwa tena baada ya Krismasi. Bi Ottavia alisema hivyo kwa sauti ya kuagiza kahawa.

Regina wangu!

Nimeitafakari ripoti jioni nzima. Dunia inahamia kwenye milango. Maana yake makabati ya wazi yatakuwa adimu. Kitu adimu ni lulu. Kwa hiyo ripoti iko upande wangu. Nashangaa Delfino hajaliona hilo, na amesoma chuo kikuu Turin.

Jumanne, 12 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Evasio, msimamizi wa mji na somo wangu, maana nami naitwa Evasio. Kiwanda kimefungwa. Delfino na dada yangu walikuja kula mchana. Mke wangu Ginetta alipika anyoloti, vile vifuko vya tambi vyenye nyama, na kwa muda mfupi niliipenda familia yangu yote.

Delfino aliniletea zawadi. Skafu ya sufu, nzito, nzuri. Nikaguswa moyoni. Nilipoanza kumshukuru akasema, “Hiyo ya kuvaa ukisimama mbele ya Regina, shemeji. Nasikia wateja wake wananunua maziwa, mafua wanapewa bure.” Dada yangu akacheka mpaka akapaliwa. Tumezaliwa tumbo moja!

Nikamwambia kwa upole kwamba mlango ni ukuta kati ya mtu na siagi. Akasema kabati lenye ukuta huo linakula nusu tu ya umeme anaokula Regina. Nikasema siagi haijali umeme. Ginetta akasema nani anataka pudini, kwa namna ya kutufunga midomo.

Wakati wa kahawa Delfino akaanza kusifu vioo vyake, eti havishiki ukungu. Nilijitia sisikii. Lakini wazo lilikwishanijia. Ukungu! Kioo kikipata ukungu, ndani hakuonekani. Nani atanunua asichokiona? Nikaomba pudini ya pili, nikala nikitabasamu. Delfino akaniuliza kama naumwa tumbo.

Jumatano, 13 Novemba

Makabati yote mawili yako kwenye ukumbi wa maonyesho, yamewashwa, yamepangwa maziwa na siagi na jibini. Regina kushoto, Palmira kulia. Saa ya chakula watu wote walipokwenda kula, niliingia na jiko la umeme na sufuria ya shaba ya marehemu mama. Nikapika polenta, ugali wetu wa mahindi.

Mpango ulikuwa rahisi. Leo najaribu. Ukungu ukishika, Ijumaa napika tena, najifanya namkaribisha mgeni kwa chakula cha kwetu. Nani angemshuku mtu anayekoroga sufuria?

Mvuke ulipanda hadi darini. Nikaisukuma sufuria mpaka chini ya milango ya Palmira. Vioo vikabaki safi. Nikaongeza maji. Safi. Nikasogeza mdomo, nikahemea kioo kwa nguvu zangu zote. Doa la ukungu likatokea, halafu likaanza kufifia kutoka pembeni, taratibu, hadi likaisha mbele ya macho yangu. Sijui nilisimama pale muda gani. Lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: ni kitu cha ajabu. Nilihemea tena mara kadhaa kwa starehe tu.

Ndipo nikasikia Regina anakoroma.

Mvuke ambao Palmira aliukataa, Regina aliuvuta wote. Matundu yake ya chini yalifyonza polenta nzima, feni ikaipeleka nyuma, na kule nyuma kwenye mabomba ya baridi ikaganda. Nilipochungulia niliona theluji tupu. Feni ikakoroma mara ya mwisho, ikanyamaza.

Nilikimbia nyumbani kuchukua kikausha nywele cha Ginetta. Alasiri yote nimelala kifudifudi nikimyeyusha Regina. Delfino akapita. Akauliza kama namtengeneza nywele za kwendea harusini. Nikasema ni matengenezo ya kawaida. Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akachota polenta kijiko kimoja, akasema imekosa chumvi. Akaenda zake, na hakumwambia mtu. Kimya chake kinanitia wasiwasi kuliko maneno yake.

Hata hivyo, fikiria! Alivuta mvuke wa sufuria nzima. Regina ana mapafu. Katika soko lote la dunia, pamoja na Asia, nani mwingine ana jokofu linalopumua?

Somo la leo: polenta haifai.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeamka na jibu. Banya kauda!

Ndiyo majira yake. Vitunguu saumu kwa vichwa, dagaa wa chumvi, mafuta ya zeituni, vyote vinachemka polepole mpaka viwe kitu kimoja, halafu watu wanazunguka chungu na kuchovya mboga. Aliyekula hakai na watu siku ya pili. Kila mtu wa mkoa wetu wa Piemonte anajua, na ndiyo maana hapa kwetu hatuli kabla ya harusi, mahakama au daktari wa meno.

Basi nimealika Delfino na dada yangu kwa chakula cha jioni. Delfino akila banya kauda leo, kesho atanuka kuanzia unyayoni. Mnorwe atamkimbia, na akimkimbia Delfino atakuwa amelikimbia na kabati lake. Mimi nitajifanya nachovya. Nilimweleza Ginetta. Akasema, “Utakula tu, nakujua wewe.” Nikamwambia kuna mambo makubwa kuliko tumbo.

Pigo la kwanza. Bi Ottavia alisikia kiwandani, akajialika. Amezaliwa miaka themanini iliyopita na hajawahi kupitwa na banya kauda. Ungemwambiaje mwajiri wako kwamba hii ni ya kumnukisha mtu? Nikasema karibu sana.

Pigo la pili. Nilichovya bua moja la mboga kwa ajili ya adabu, kwa kuwa mwenye nyumba akiacha kuonja wageni hawaanzi. Moja tu. Ee Mungu. Ulimi wangu ulisahau Norwe na Asia yote. Nikachovya kabichi. Nikachovya pilipili hoho ya kuokwa. Mwisho, kama desturi inavyotaka, Ginetta alipasua mayai ndani ya mabaki, na nusu ya mayai yale niliyala mimi, nikikwangua chungu kwa mkate. Delfino alikula kama mtu wa kawaida.

Walipoondoka Ginetta alinitazama. Nikamwonyesha majani ya giligilani niliyoyanunua mapema ya kutafuna. Nikatafuna fungu zima. Nikajinusa kiganja. Hakuna harufu! Giligilani ni mmea mtukufu.

Kwenye chungu cha pili cha jikoni kimebaki kiasi kizuri. Nimekitazama, na mpango mwingine umekuja wenyewe, bora kuliko ule wa kwanza.

Ijumaa, 15 Novemba

Niandike taratibu.

Nilifika kiwandani kabla ya wote, na chungu chini ya koti. Mpango: kukificha ndani ya Palmira, nyuma ya mtindi. Milango ikifungwa, harufu inajazana humo asubuhi yote, na Mnorwe akija kufungua anapigwa kofi la uso. Waliotaka milango wapate milango.

Nilifungua. Nilikuwa ndiyo kwanza nasogeza vikopo vya mtindi, kabati likaanza kulia. Tii, tii, tii. Palmira hapendi mlango wake ukae wazi, na anasema. Mbaya zaidi, anasema pia kwenye simu ya Delfino, popote alipo. Nilibaki mdomo wazi. Mlango unaomtafuta mwenyewe mjini na kumshtakia! Tumefika huku, na mimi nilikuwa nalala?

Delfino alikuwa ameshafika maegeshoni. Nikasikia viatu vyake kwenye korido. Nikafunga Palmira, na chungu bado mkononi. Hakuna meza, hakuna kabati jingine, hakuna pazia, ila moja. Nikakisukuma ndani ya Regina, rafu ya chini kabisa, nyuma ya maziwa, jirani na yale matundu.

Delfino akauliza nani amefungua. Nikasema mimi, nilikuwa nafuta vumbi. Nilikusudia kukitoa akiondoka. Hakuondoka. Akaingia Bi Ottavia na mgeni, saa nzima kabla ya wakati, maana hawa watu wa kaskazini huja mapema kwa adabu. Nikavuta pumzi ndefu kupima hali. Hakuna harufu yoyote. Delfino naye alikuwa mtulivu, Bi Ottavia ndiyo kabisa. Nikashukuru Mungu. Banya kauda ikipoa, nikajiambia, inalala.

Bi Ragnfrid ni mrefu, mpole, ana macho ya buluu. Alianza kwa Regina. Alisimama hatua kadhaa mbele yake, na jambo likatokea ambalo nimelingoja maisha yangu yote ya kuuza majokofu: macho yakamjaa machozi. Akaweka mkono kifuani, kisha mdomoni. Nikajua huyu ni mwenzangu. Huyu anaona ninachokiona!

Nikamweleza pazia la hewa. Nikamwambia asogee, asogeze uso kabisa, aisikie hewa inavyoshuka. Akasogea, kwa kuwa ni mpole. Akavuta pumzi. Akarudi nyuma haraka, amekuwa mweupe kama jibini. Nikamnong'oneza Delfino kwamba hisia zimemzidi.

Bi Ottavia akatoa pudini ya krimu aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ambayo ilikaa ndani ya Regina tangu jana. Bi Ragnfrid akaonja. Akatafuna muda mrefu kitu kisichotafunwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama hapa kwetu pudini hutiwa dagaa.

Bi Ottavia hajawahi kuulizwa swali kama hilo. Akaonja mwenyewe. Akasema ni tamu. Delfino akaonja, akasema ni tamu. Nikaonja, ilikuwa tamu sana. Watu watatu wa Casale tumesimama tunatabasamu, na mgeni anatutazama mmoja mmoja, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa kioo.

Akageuka. Akafungua mlango wa Palmira, akaingiza kichwa ndani. Akabaki humo.

Nilidhani anasoma bei ya mtindi. Lakini mabega yake yalishuka, na akavuta pumzi ya mtu aliyetolewa kisimani. Akasema, kichwa bado kimo ndani, kwamba hewa hii ni safi ajabu. Akauliza harufu ya nje haiingii kabisa? Delfino akasema haiingii, wala ya ndani haitoki, ndiyo kazi ya mlango. Kabati likaanza kulia tii, tii. Akatoa kichwa, akafunga, akakaa kidogo, akafungua tena. Akauliza yanaweza kupatikana mangapi kabla ya majira ya joto.

Nilisimama pale na kijiko mkononi. Ripoti ya Bi Ottavia, Asia na Afrika na Ulaya yote, niliiona ikigeuka mbele yangu katika mkono wa mwanamke mmoja unaofungua na kufunga mlango. Kitu kikubwa namna ile, na kinapita kimya hivyo. Niliogopa, na bado nisingependa kuwa mahali pengine.

Baadaye Bi Ottavia aliinama kuchukua maziwa ya kahawa. Akatoka na chungu. Alikifahamu, jana alichovya ndani ya pacha wake. Alikiweka sakafuni polepole. Akaniambia niende nyumbani mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 16 Novemba

Ginetta amenieleza kwa maneno machache, huku amefungua madirisha yote. Aliyekula haisikii harufu. Kila mtoto wa Piemonte analijua hilo. Nami nalijua! Nililisahau tu kwa sababu sikusikia harufu.

Kosa ni la rafu. Ningekiweka rafu ya juu, mbali na matundu, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Simfikirii Regina. Nimemfikiria asubuhi yote.

Jumatatu, 18 Novemba

Imekwisha. Regina wa ukumbini ametoka kiwandani leo, na baada ya Krismasi hatatengenezwa mwingine. Bi Ottavia hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu yule wa ukumbini nimchukue nyumbani kama nina pa kumweka, maana yeye hana moyo wa kumpeleka kwenye vyuma chakavu. Nilitaka kusema kitu cha kishujaa. Nikasema asante.

Delfino alikuja na gari la mizigo bila kuombwa. Tulimteremsha Regina kwenye ghala langu la chini ya nyumba, ngazi kwa ngazi, tukamsimamisha kati ya mapipa ya divai. Nilimwasha. Pazia lake likashuka gizani, baridi, taratibu, na sisi wawili tukanyoosha mikono tukaipitisha humo.

Kisha Delfino akasema, “Shemeji, unajua Palmira nimemtoa wapi?” Nikasema chuo kikuu. Akacheka. Akasema kule walimfundisha kuhesabu tu. Alipoambiwa atengeneze kabati jipya alitafuta kila mahali, mwisho akachukua ule mchoro wangu wenye doa la divai. Rafu ni zangu. Mgongo ni wangu. Njia ya hewa ni ileile, kutoka juu, kwa mbele, kwenye matundu, nyuma, juu. “Ni Regina yuleyule. Mimi nimemvalisha mlango, basi. Bi Ottavia anajua. Nilidhani na wewe unajua.”

Nilikaa juu ya pipa. Kwa hiyo kila duka la Norwe, hadi kule ambako jua halichwi, mtu atafungua mlango, na nyuma ya mlango atamkuta Regina. Na kesho Asia. Na keshokutwa mabilioni wale wenye kiu. Mimi, Evasio, niliyechora kwenye karatasi ya mgahawa! Nililia bila aibu. Delfino akanifunga shingoni ile skafu yake ya sufu, akasema nisije nikapata mafua. Ni mtu mwema. Nimemkosea sana, na nimeamua kuanzia leo kumtendea kama ndugu.

Baada ya chakula nimefikiri vizuri zaidi.

Kama Palmira ni Regina aliyevalishwa mlango, basi Regina hajafa. Amefungiwa tu. Alhamisi anakuja mnunuzi Mfaransa kumtazama Palmira. Nilipitia ukumbini kabla ya kuondoka, nikachunguza zile bawaba. Skrubu nne kila mlango, na bisibisi ninayo. Mfaransa akiingia, atakayemwona ni Regina mwenyewe, wazi, na pazia lake. Atalia, Wafaransa wana moyo.

Shida ni simu ya Delfino. Milango ikitoka itapiga kelele tu. Lazima Jumatano ale hapa kwetu, ale hasa, ili Bi Ottavia mwenyewe amkataze kuja kiwandani siku ya mgeni. Nimemwambia Ginetta anunue vitunguu saumu, vingi. Ameweka kisu mezani na kunitazama.

Nimemhakikishia kwamba safari hii mimi nitaonja kidogo tu.